Njia ya Uani kwa Mama Mkwe

Kijana aliyekabidhiwa baisikeli yangu aliniomba ramani. Nilipomwambia sina, alinitazama kwa jicho la mtu aliyenyimwa urithi. Ramani ya idara ipo, imebandikwa ukutani pale ofisini, na ni nzuri sana kwa mtu anayesafiri kwa kidole. Inaonyesha barabara ya Keroka, barabara ya Nyamira, mito na masoko. Haionyeshi kivuli. Na mchanjaji wa ndui wa siku zetu asiyejua kivuli kiko wapi saa nne asubuhi alikuwa mtembezi tu mwenye baisikeli ya serikali.

Basi nakuandikia wewe, kijana, na wenzako wanaokuja nyuma yako. Mambo ya vyeo nitayaacha. Nilipandishwa mara mbili, na mara zote mbili kilima cha Manga kilibaki na urefu wake uleule.

Niliandikwa kazi katika miaka ya thelathini, nikiwa sijawahi kupanda baisikeli. Hilo sikulitaja. Daktari, mzungu mrefu aliyekuwa na haraka siku zote, aliniuliza, "Baisikeli, wewe najua?" Nikajibu, "Ndiyo, bwana," maana nilikuwa naijua kwa kuiona. Kesho yake nikapewa baisikeli nyeusi, nzito, yenye breki za vyuma. Niliisukuma kwa heshima mpaka nje ya lango la hospitali, nikaendelea kuisukuma mpaka nyuma ya msikiti, mahali nilipodhani hapana mtu. Mtu alikuwapo. Alikuwa Mzee Rajabu, mchanjaji mkuu, ambaye ndiye niliyetakiwa kwenda kuripoti kwake asubuhi ile.

"Unaitembeza, au inakutembeza?" akaniuliza.

Mzee Rajabu alikuwa mtu wa mjini. Baba yake alifika Kisii na jeshi, kutoka nchi ambayo mwanawe hakuwahi kuiona, akaoa Mgusii na kujenga karibu na soko. Rajabu alikua akisema Kiswahili barabarani na Ekegusii jikoni. Hakunishtaki kwa daktari. Siku tatu mfululizo alinishikia kiti kwa nyuma uwanjani, kanzu ameikunja kiunoni, akikimbia na kunitukana kwa upole. Kila nilichokuja kukijua katika kazi hii mzizi wake ni mzee huyo, na sijui nimshukuru kwa lipi niache lipi.

Dawa ya ndui ilitoka Nairobi ndani ya mirija ya kioo, myembamba kama mabua ya nyasi, ikawekwa kwenye friji ya mafuta ya taa ambayo ufunguo wake alikaa nao daktari. Ikitoka humo, imeanza kufa. Jua likiipata inakufa upesi zaidi, na ubaya wake ni kwamba ikifa haibadiliki rangi wala harufu. Unamchanja mtoto kwa dawa iliyokufa, naye analia kilio kilekile, mama anashukuru shukrani zilezile, nawe unaandika jina lake daftarini. Ni baada ya siku saba tu, unaporudi kukagua mikono, ndipo utakapojua. Dawa iliyoshika huacha lengelenge lenye duara jekundu. Isiyoshika haiachi kitu.

Mzee Rajabu hakuyaamini makopo ya serikali. Kila alfajiri alikata kipande cha shina la mgomba, akakichimba katikati, akalaza mirija humo ikiwa imeviringishwa kitambaa chenye maji, akaziba kwa jani na kukifunga kwenye karia. Kila mto unaovuka, unasimama, unalowesha mgomba wako. Na kabla hujamchanja mtu wa kwanza unatoa mrija mmoja na kuugusisha kwenye mdomo wa juu. Ukiwa baridi kuliko mdomo, anza kazi. Usipousikia ubaridi, geuza baisikeli.

"Hata kama watu mia wamekaa wananingoja?" nilimuuliza.

"Hata kama chifu amechinja."

Sasa njia, kwa kuwa ndizo ulizoziomba. Asubuhi pita upande wa magharibi wa kilima, na baada ya saa sita upande wa mashariki. Kilima chenyewe ndicho mwavuli wako. Ukienda Keroka, ondoka mapema uvuke soko la Daraja Mbili kabla akina mama wa ndizi hawajajaza njia, maana wakishatandaza mikungu yao hata daktari atasubiri. Kisha iache barabara kubwa, kwa sababu ya vumbi la malori, ushike vijia vya mashamba ya wimbi vinavyofuata mto. Upande wa Itumbe, ambako sasa watu wanazungumzia chai, mikaratusi imepandwa vizuri lakini kivuli chake ni chembamba. Usikiamini. Manga kupande kwa miguu, baisikeli begani, na usione aibu. Wazee watakuonyesha majabali ambayo babu zao walijificha wakati wa vita vya zamani, na hao hawakuwa na baisikeli wala dawa inayokufa.

Kushuka ni kazi zaidi kuliko kupanda. Breki za vyuma zikipata umande ni mapambo. Kata tawi la mwati lenye majani mengi, lifunge nyuma kwa kamba, liburuzike. Litakushika kama mke anayekushika koti usiingie ugomvi. Tairi likipasuka na kiraka kimekwisha, jaza majani makavu ya mgomba. Utafika. Makalio yatalalamika lakini hayana kauli katika kazi ya serikali.

Nilioa miaka michache baada ya kuanza kazi. Mke wangu, Kemunto, alitoka kwenye kilima kimoja ng'ambo ya Manga, upande wa Nyamira. Kilima chenyewe sitakitaja, kwa heshima ya wenyewe. Kilikuwa katika njia zangu tangu zamani. Chini yake kuna kijito, na kutoka kijitoni njia ya miguu inapanda moja kwa moja katikati ya migomba na miwati, inakata ua wa mama yake Kemunto, halafu inatokea juu kwenye uwanja wa baraza. Ni nusu saa, kivuli mwanzo hadi mwisho. Nilipokuwa kapera niliipita bila wasiwasi.

Nilipokwisha oa sikuweza tena. Mgusii hahitaji kuelezwa, lakini kwa mgeni atakayesoma haya: tuna kitu tunachokiita chinsoni, nayo ni heshima iliyochanganyika na haya, kati ya mtu na wazazi wa mkewe. Mama mkwe humshiki mkono. Huingii anakolala. Humwendei bila kutuma habari, umevaa vizuri, una mtu wa kukusindikiza. Sasa nifikirie mimi: niko peke yangu, natweta, jasho linatiririka, na sare ya serikali ni kaptula iliyoacha magoti nje. Ningetokeza vipi uani kwake? Nikashika barabara ya juu, inayouzunguka ukingo wa kilima bila mti hata mmoja. Hiyo ni saa mbili na zaidi.

Mzee Rajabu sikumwambia. Mara kadhaa nilizunguka hivyo na dawa ikashika, kwa kuwa Mungu alinipa mawingu. Mimi nikadhani ni akili yangu.

Halafu, miaka ya arobaini, ukaja mwezi mmoja wa Januari wenye jua kali. Habari zikatufikia kwamba ndui imeonekana kwenye soko moja upande wa Nyamira, na kwamba inapanda kilima baada ya kilima. Nilitumwa kule kwa wakwe zangu, niwachanje wote, hata waliochanjwa zamani, kabla haijafika. Kemunto alikuwa huko tayari kwa wiki mbili, akimuuguza mama yake ambaye alikuwa ameteguka nyonga na hawezi kutembea zaidi ya uani.

Nilifika kijitoni saa nne, dawa baridi kabisa. Nikaitazama njia ya uani. Moshi wa jikoni kwake ulikuwa ukipanda juu ya migomba. Nikageuza usukani nikashika barabara ya juu. Katikati yake tairi likapasuka. Nilipofika uwanjani ilikuwa karibu saa saba, na shina la mgomba lilikuwa limenywea, kitambaa kimekauka.

Watu zaidi ya sitini walikuwa wamekaa tangu asubuhi. Watoto wamelala mapajani. Chifu alikuwa amekwisha hutubia mara mbili na maneno yamemwishia. Nilijificha nyuma ya baisikeli, nikatoa mrija na kuugusisha mdomoni. Sikusikia baridi yoyote.

Nilijua. Nataka uelewe hilo, kijana, kwa maana mambo mengine yote nimeyaandika ili nifike hapa. Nilijua, nikaona aibu ya kuwaambia warudi nyumbani, nikajiambia labda mirija ya katikati imesalimika, nikachanja. Nilichanja mpaka mtu wa mwisho, na wakanipa uji wa wimbi nikanywa.

Siku ya saba nilirudi, tena kwa barabara ya juu. Mikono ilikuwa safi. Niliikagua mmoja baada ya mwingine, na hapakuwa na lengelenge hata moja. Wenyewe walikuwa wamefurahi. Mzee mmoja, omogaka mwenye mzaha mwingi, aliunyosha mkono wake juu watu wote wauone.

"Safari hii umetuchanja vizuri," akasema. "Hakuna kidonda, hakuna homa. Mwaka ule mwingine ulituumiza bure."

Wakacheka, wakanishukuru. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Hawakusema habari za mtu anayeficha na kifo kikawaendea wengine. Niliondoka pale bila kuandika neno daftarini, na sikumbuki nilivyoshuka Manga.

Mzee Rajabu nilimkuta kwenye kibaraza cha hospitali akichemsha sindano. Nilimwambia yote, na sikuacha habari ya mrija mdomoni. Sauti hakuipandisha. Kwanza aliuliza jambo moja.

"Ulipita wapi?"

Nikamwambia, na kwa nini.

Akafunika sufuria. "Ndui haina mkwe, Ondieki. Itapita uani kwake bila kubisha hodi."

"Ningepitaje, Mzee? Na kaptula hii?"

"Mimi sikuambii uvunje heshima ya watu. Mama yangu ni wa huko huko, najua. Lakini ulituma mtu akamuombe njia?"

Haikunipitia akilini hata mara moja kwamba mama mkwe angeweza kuombwa. Nilikuwa nimemfanya jabali la kuzungukwa, na kumbe ni mtu, tena mwenye akili kuliko mimi.

Mzee alinitolea suruali yake ndefu ya Idi. Ilikuwa fupi kwangu, ilikoma juu ya vifundo, lakini magoti yalisitirika. Akatuma neno kwa mama mmoja wa ndizi aliyekuwa anapanda kurudi kilima kilekile jioni ile. Baada ya siku mbili jibu likaja: aite akiwa kijitoni, nami nitaingia ndani na kufunga mlango mpaka apite. Wakati huo ndui ilikuwa imefika kilima cha jirani. Askari wa chifu walikuwa wamefunga njia zote, hakuna kwenda sokoni, hakuna kutembeleana. Mchanjaji tu ndiye aliyeruhusiwa kupita.

Nilifika kijitoni saa mbili unusu asubuhi. Nikalowesha mgomba, nikafunga miguu ya suruali kwa kamba isishikwe na mnyororo, nikaita. Juu nikasikia mlango ukifungwa. Nikapanda nikisukuma baisikeli katikati ya migomba, ubaridi umetanda kila mahali, na nilipokata ua niliangalia gurudumu la mbele tu. Saa tatu nilikuwa uwanjani. Mrija ulipogusa mdomo wangu ulikuwa baridi mpaka nikasisimka. Niliwaambia watu wote ukweli, kwamba dawa ya kwanza ilikufa mikononi mwangu. Omogaka yule wa mzaha hakucheka. Alivua shuka, akawa wa kwanza kuleta mkono.

Walipokwisha wote nikabaki na mrija mmoja na jina moja.

Mama mkwe. Nyonga haikumruhusu kwenda mjini, na hata ingemruhusu njia zilikuwa zimefungwa. Mzee Rajabu hangeweza kuacha mji na ndui iko karibu namna ile. Mchanjaji wa kilima kile nilikuwa mimi peke yangu, na mimi ndiye mtu ambaye hakuweza kumshika mkono. Nilimuita Kemunto kando ya uwanja.

"Sheria inasema mwenye mafunzo tu," nikamwambia.

"Basi nifunze," akasema. "Au unataka tumzike kwa kufuata sheria?"

Tuliteremka pamoja. Nyumba ya mama yake ilikuwa ya udongo na nyasi. Kemunto aliingia na sindano, mrija na maji. Mimi nikabaki nje, nimeupa ukuta mgongo, uso wangu umeelekea migomba. Nikaanza kusema na ukuta.

"Osha mkono kwa maji na sabuni. Kausha vizuri."

"Nimekausha."

"Vunja ncha za mrija. Tone moja, juu karibu na bega."

Nikangoja nisikie kioo kikivunjika. Halafu nikasikia sauti ya omong'ina, mama mkwe mwenyewe, karibu sana, labda shibiri mbili tu za udongo kati yetu.

"Kemunto, mwambie mume wako asinyamaze. Akinyamaza nadhani ameenda, naogopa."

"Anasema usinyamaze," Kemunto akaniambia, kana kwamba sikusikia.

"Mwambie niko hapa."

"Yuko hapa, mama."

"Sasa bonyeza kwa ubavu wa sindano, usichome. Upesi upesi, palepale penye tone. Damu isitoke."

"Na ikitoka?"

"Isitoke."

"Muulize," sauti ikasema, "kama watoto wa serikali nao anawachanja kwa kelele hivi."

Nilicheka, na machozi yakanitoka, na kwa kuwa nilikuwa nimeupa ukuta mgongo hakuna aliyeyaona ila migomba. Daftarini niliandika jina lake, na mbele yake: amechanjwa na binti yake, mchanjaji akiwa nje. Daktari alikuja kulisoma daftari, akainua nyusi, akageuza ukurasa. Namshukuru kwa hilo.

Nitaruka mbele kidogo ili usikae na wasiwasi. Ndui ilifika kilima kile kabla mwezi haujaisha. Ilimkamata mtu mmoja, yule mama wa ndizi aliyenipelekea neno, ambaye aliipata katika wiki niliyoipoteza. Alipona, na makovu yakabaki usoni mwake. Kwa miaka mingi, kila nilipopita Daraja Mbili, aliniita na kunipa ndizi mbivu, akikataa malipo. Nilizila mbele yake, kwa sababu kukataa kungekuwa dharau, na hakuna chakula kilichowahi kunipa taabu kumeza kama kile. Kilima kile hakikuzika mtu.

Lakini siku ya saba hayo yote nilikuwa siyajui. Niliita kijitoni, nikasikia mlango, nikapanda. Uwanjani nilikagua mikono yote; duara jekundu kwa kila mtoto, na mama zao wakilalamika homa, nami nikiisikia kama nyimbo. Imeshika, imeshika, nikaandika mpaka wino ukanichafua vidole. Kisha nikarudi uani. Kemunto alikuwa mlangoni, uso umemsawajika.

"Kuna kitu pale begani," akaniambia kwa sauti ya chini, "lakini mimi sijui kama ndicho. Sijawahi kukiona. Linahitajika jicho lako."

Nilisimama na baisikeli yangu katikati ya ua kama mtu aliyeleta barua asiyejua kusoma anwani. Kemunto akaingia, nikamsikia akinong'onezana na mama yake. Mlango ukarudishwa, halafu ukafunguka tena, upana wa kiganja.

Mkono ukatoka.

Ulitoka peke yake, shuka imezungushwa begani na chini yake, kiganja kimeangalia juu. Nilikuwa nimekaa naye kama mkwe miaka mingi, nikimsalimu kwa mbali sherehe hadi sherehe, na sikuwahi kuuona. Ulikuwa mwembamba. Una kovu la kuungua karibu na kiwiko na udongo mkavu kwenye kucha, udongo wa bustani, licha ya nyonga mbovu. Niliiegemeza baisikeli kwenye mgomba, nikasogea hatua moja, nikasogea nyingine, mikono yangu nimeiweka nyuma, nikainama.

Lengelenge lilikuwa pale, limejaa, na duara lake jekundu.

"Imeshika," nikasema. "Mwambie mama imeshika."

Nilingoja Kemunto ampelekee ujumbe kama desturi, lakini hakuupeleka. Mkono nao haukurudi ndani. Ulibaki pale, kiganja wazi, kwa muda ambao bado naukumbuka. Kisha sauti ikatoka nyuma ya mlango, bila kupitia kwa mtu.

"Basi pita, mwanangu."